Kabla Hujavuta: Usalama wa Mafuta ya Bangi kwenye Vepu

Julai 2019, idara ya afya ya jimbo la Wisconsin nchini Marekani ilitangaza kwamba kuna vijana wamelazwa wakihema kwa shida, na madaktari hawajui wanaumwa nini. Picha za kifua zilionyesha weupe uliotanda kwenye mapafu yote mawili, kama wa nimonia kali, lakini maabara haikuona kimelea wa kulaumiwa. Punde jimbo jirani la Illinois nalo likasema lina wagonjwa wa namna hiyohiyo. Ilipofika Septemba, hospitali za nchi nzima zilikuwa zikiwapokea. CDC, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, kilipofunga daftari Februari 2020, waliolazwa au kufa walikuwa 2,807. Waliokufa ni 68.

Wote walikuwa wametumia vepu. Asilimia 82 ya wale waliokubali kusema walichovuta walitaja mafuta yenye THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha. Na katika hao, karibu wanne kati ya kila watano walisema hawakununua kwenye duka lenye leseni hata mara moja. Walipata kwa rafiki, kwa ndugu, kwa pusha au mtandaoni.

Ukilishika hilo la mwisho, umeshashika zaidi ya nusu ya ninayotaka kusema. Watu wanaoanza kutumia vepu huuliza iwekwe volti ngapi, betri gani ni nzuri, koili (ule waya unaopasha mafuta) ya aina gani. Maswali hayo yana nafasi yake, na nitayafikia. Lakini sehemu kubwa ya hatari huwa imeshaamuliwa mapema zaidi, siku mafuta yalipochanganywa mahali usipopaona na mtu usiyemjua.

Nitangulize jambo moja. Asiyevuta kabisa yuko salama kuliko yeyote atakayefuata makala hii neno kwa neno. Mwenye pumu au ugonjwa mwingine wa mapafu, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye maradhi ya moyo, mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, na kijana ambaye ubongo wake bado unakomaa, hao wote wasiisome kama ruhusa. Nawaandikia watu wazima ambao tayari wanatumia, hasa Waswahili walioko Seattle, Minneapolis, Columbus au Toronto, ambako duka la bangi liko mtaa mmoja na duka la vyakula. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "acha" ukaishia hapo, atakuitikia kwa heshima kisha ataendelea na yake, bila kujua lolote jipya.

Kiputo kilichowadanganya wanunuzi

Mafuta halisi ya bangi ni mazito. Ukiipindua katriji, yaani kile kichupa cha mafuta kinachofungwa kwenye betri ya vepu, kiputo cha hewa kilichomo ndani hupanda taratibu, kama kilichonasa kwenye asali. Wanunuzi wa mtaani walikigeuza kiputo hicho kuwa mtihani: kikipanda haraka, mafuta yamechakachuliwa, kikijikokota, mafuta ni safi. Mtihani ulifanya kazi kwa muda, kwa sababu vitu vya kuongezea vilivyotumika zamani vilikuwa vyepesi.

Wachakachuaji nao wana akili. Walihitaji kitu kizito, kisicho na harufu, chenye rangi inayofanana na mafuta, na cha bei ya chini. Wakakipata: vitamini E asetati, kitu cha kawaida kabisa kwenye losheni za ngozi na vidonge vya lishe. Kati ya mwisho wa 2018 na 2019 vizito vya aina hiyo vilikuwa vikiuzwa waziwazi mtandaoni kwa watu wanaojaza katriji. Mtu angeweza kuongeza sehemu kubwa ya kizito kwenye mafuta yake na kiputo bado kikapanda kwa upole uleule. Mnunuzi aliyejiona mjanja ndiye aliyenaswa.

Kwenye ngozi kitu hicho hakina neno, na tumbo linakimudu. Mapafu ni habari nyingine. Wanasayansi wa CDC walichunguza majimaji yaliyotolewa kwenye mapafu ya wagonjwa 51 kutoka majimbo 16, wakaikuta vitamini E asetati kwa wagonjwa 48. Kwa watu 99 wenye afya waliopimwa kama kilinganisho, hawakuikuta hata kwa mmoja. Mwaka 2020 watafiti wa Dublin walionyesha kwamba ikipata joto kali kitu hicho huweza kuvunjika na kutoa keteni, gesi yenye sumu inayounguza mapafu. Wataalamu wanabishana bado kama muuaji hasa ni gesi hiyo au ni ule utelezi wenyewe kuvuruga kazi ya mapafu. Kwa mvutaji ubishi huo haubadilishi kitu.

Somo lake ni kwamba jicho, pua na ulimi si vipimo. Rangi ya dhahabu haithibitishi lolote. Boksi zuri halithibitishi lolote, na hapa nina mfano. Katika majimbo ya Wisconsin na Illinois jina lililotajwa na wagonjwa wengi kuliko yote lilikuwa Dank Vapes. Hakuna aliyeweza kuonyesha kiwanda chake. Kilichokuwapo ni maboksi na vifuko vitupu vyenye nembo hiyo, vikiuzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye sindano, mafuta na meza ya jikoni.

Mwaka 2019 kituo cha televisheni cha NBC kilipeleka katriji 18 maabara: tatu za maduka yenye leseni na 15 za mtaani. Zile tatu zilitoka safi. Katika zile 15, 13 zilikuwa na vitamini E. Kumi kati ya za mtaani zikapimwa viuatilifu, na zote kumi zikakutwa na maiklobutanili, dawa ya kuua kuvu kwenye mimea, ambayo ikiungua hutoa sianidi. Sampuli ni ndogo, sikatai. Hata hivyo, kumi kwa kumi si jambo la kupuuza.

Vitamini E siyo peke yake. Propilini glaikoli na PEG, vinavyotumika kulainisha mafuta yawe mepesi, vikipashwa moto sana hutoa formaldehaidi. Mafuta ya MCT, yanayotokana na nazi, ni chakula; yakiingia kwenye mapafu yanaweza kuleta nimonia ya mafuta. Colorado ilipiga marufuku PEG, MCT na vitamini E asetati kwenye bidhaa za bangi za kuvuta kuanzia Januari 1, 2020. Basi kanuni ya jikoni haifanyi kazi hapa: kitu kulika hakumaanishi kinavutika. Ndiyo maana matone ya CBD, kemikali ya bangi isiyolewesha, ya kuweka chini ya ulimi, ambayo mara nyingi yamechanganywa na mafuta ya MCT au ya zeituni, hayafai kamwe kumiminwa kwenye vepu. Kosa hili hufanywa na watu makini kabisa, wanaoamini kwamba CBD ni CBD.

Dukani, soma cheti

Kama uko mahali ambapo bangi ni halali, nunua kwenye duka lenye leseni ya jimbo au ya mkoa. Usinunue kwenye kituo cha petroli wala kwa kijana anayeleta mlangoni kwa oda ya Instagram. Bei ya duka ni ya juu, kodi inauma, nami najua watu wanaofunga safari kuikwepa. Lakini bei hiyo ndiyo ya mafuta yaliyopita maabara.

California, kwa mfano, inataka kila bechi ipimwe kabla ya kufika kabatini: nguvu ya THC, viuatilifu, mabaki ya vimumunyisho vilivyotumika kukamulia mafuta, vijidudu, na metali nzito nne, yaani risasi, kadmiamu, aseniki na zebaki. Matokeo huandikwa kwenye cheti cha maabara. Katriji nyingi halali zina msimbo wa QR unaofungua cheti hicho kwenye simu. Kikifunguka, tazama mambo matatu. Kwanza, namba ya bechi kwenye cheti ilingane na iliyochapwa kwenye boksi. Cheti cha bechi nyingine ni karatasi tu. Pili, tarehe. Tatu, kila kundi la sumu liwe na matokeo yake. Cheti kinachoonyesha asilimia za THC na CBD pekee, bila viuatilifu wala metali, kimepima unachokitaka kikaacha unachokiogopa.

Msimbo wa QR nao hughushiwa. Anwani iliyofunguka iwe ya maabara yenyewe au ya mdhibiti, na kama una shaka, chukua namba ya leseni iliyoko kwenye boksi uitafute kwenye tovuti ya mamlaka ya bangi ya jimbo. Ni kazi ya dakika mbili.

Kuhusu aina ya mafuta sitasema mengi. Mafuta yaliyokenekwa huwa na THC nyingi na ladha ndogo, kwa hiyo mara nyingi hurudishiwa terpeni, kemikali za harufu. Rosini hukamuliwa kwa joto na mgandamizo bila kimumunyisho. Mengine hutolewa kwa butani au kaboni dioksaidi. Yote yanaweza kuwa safi, yote yanaweza kuwa machafu. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua yenye orodha fupi: mafuta ya bangi na terpeni za bangi, basi. Ladha ya embe, peremende au keki imetoka mahali, na mahali hapo si kwenye mmea.

Jihadhari pia na bidhaa zinazojiita za katani, yaani bangi yenye THC kidogo sana, kama delta-8 na THC-O, zilizoenea Marekani baada ya sheria ya kilimo ya 2018 kuhalalisha katani. Nyingi hutengenezwa kwa kemikali kutoka CBD, na mahali pengi hazikupita usimamizi ule wa maduka ya bangi. THC-O iogope zaidi. Ni asetati, na mwaka 2022 watafiti wa Portland, Oregon, walionyesha kwamba asetati za namna hiyo zikivutwa kwenye vepu hutoa keteni, gesi ileile inayoshukiwa kwenye vitamini E asetati.

Usijaribu kukamua mafuta nyumbani kwa butani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni bila kuonekana, na cheche ya friji inatosha kuiwasha. Vitengo vya majeraha ya moto vya Colorado na California vimewapokea wengi wa namna hiyo.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Niliyoeleza juu yanategemea jambo moja: kuwapo kwa duka lenye leseni na maabara nyuma yake. Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala hakuna duka la namna hiyo. Bangi ya starehe ni kosa la jinai katika nchi hizo, na mafuta yake ni bangi mbele ya sheria. Kwa hiyo katriji yoyote inayopita mkono kwa mkono Kinondoni au Westlands, hata ikiwa na nembo ya California na msimbo wa QR, ihesabu kuwa ni ya pusha. Huwezi kujua kama iliingia na msafiri kutoka dukani au ilijazwa juzi. Hapa sina mbinu ya kuifanya iwe salama, na anayekwambia anayo anauza kitu.

Kuna hatari nyingine katika soko la aina hiyo: kuuziwa kemikali za kutengenezwa maabara zinazoiga THC, ambazo Uingereza huitwa spaisi. Ni za bei ndogo, hazina harufu, na tone moja lina nguvu ya ajabu. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Bath kilitangaza matokeo ya vepu 596 zilizonyang'anywa wanafunzi katika shule 38 za Uingereza: moja kati ya kila sita ilikuwa na spaisi. Huenda wengi wa watoto hao waliamini wamenunua mafuta ya bangi. Mtu aliyevuta spaisi anaweza kuanguka ghafla, kupata degedege, au moyo kwenda mbio kupita kiasi. Bangi ya kawaida ni nadra kumwangusha mtu hivyo baada ya kuvuta mara mbili. Ukiona dalili hizo, usimwache alale "stimu zitoke". Mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni, ita msaada.

Wazazi mlioko London na Birmingham, kama mmeona kifaa kwenye begi la mtoto, swali la kwanza lisiwe "nani kakufundisha". Muulize alikipata wapi, na kama amewahi kujisikia vibaya baada ya kukitumia. Hasira ikitangulia, jibu la swali hilo hutalipata.

Moto

Sasa tuje kwenye kifaa. THC haihitaji kuungua ili itoke; inahitaji kugeuka mvuke. Ukipandisha joto kupita hapo, unaanza kuzivunja kemikali zenyewe. Watafiti wa Portland walipima mwaka 2017 mvuke wa terpeni zinazopashwa moto kwa mtindo wa "dabi", ule wa kudondosha mafuta kwenye chuma au kwarzi iliyokolezwa kwa tochi ya gesi. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo benzini na methakrolini zilivyoongezeka. Benzini inasababisha saratani ya damu. Methakrolini inakereketa mapafu. Tochi ya gesi haina kipimajoto, na anayeishika anakisia. Kama ningeulizwa ni njia gani ya kutumia mafuta haya iachwe kwanza, ningetaja hiyo.

Kwa katriji ya kawaida, ile ya kuzungushwa kwenye betri yenye skrubu aina ya 510, nunua betri inayoruhusu kubadilisha volti na uanze na ya chini kabisa, kwenye 2.4 hivi. Betri zisizo na chaguo mara nyingi hupeleka moto mwingi kuliko unaohitajika. Mvuke mwembamba si dalili kwamba hujapata kitu. Wingu kubwa ni la kupiga picha.

Vuta kwa sekunde mbili au tatu, kisha achia kitufe. Usishikilie pumzi kifuani. Mazoea hayo ni ya enzi za msokoto, na hata huko hayakuwa na faida kubwa, kwa maana THC hupenya kwenye damu haraka sana. Unachoongeza kwa kubana pumzi ni muda wa vitu vingine kukaa kwenye mapafu.

Ladha ikigeuka ya kuungua, simama. Maana yake koili imekauka na inachoma mabaki au utambi wenyewe. Hili hutokea sana mwishoni mwa katriji, mafuta yanaposhuka chini ya vile vitundu vinavyoyapeleka kwenye koili. Watu huinamisha, hutikisa, hupandisha volti ili wapate tone la mwisho. Tone hilo ndilo baya kuliko yote yaliyotangulia. Litupe.

Usinunue katriji za kuweka akiba. Wataalamu wa Kanada walitangaza mwaka 2023 kwamba walikuta chembe ndogo sana za metali kwenye mafuta ya katriji, hata kwenye ambazo hazijawahi kuwashwa na zina umri chini ya miezi sita. Metali hutoka kwenye mwili wa katriji na sehemu zinazogusana na mafuta. Hivyo tazama tarehe ya kufungashwa, chukua mpya, imalize ndani ya wiki kadhaa, na uitunze wima mahali pa baridi pasipo na jua. Ndani ya gari lililoegeshwa juani si mahali pake, wala si mahali pa betri. Betri yenyewe ni ya lithiamu: ichaji kwa chaja yake, ukiwa macho, na uache kuitumia ikivimba au kuchubuka. Mdomo wa vepu usipokezane na wenzako. Mafua husafiri nao, na kifua kikuu husafiri na pumzi za wanaobanana chumbani kuvuta pamoja.

Wapo waliochoshwa na hesabu zote hizi wakarudi kwenye maua ya bangi, ila kwa kifaa cha kupasha bila kuchoma. Nawaelewa. Ua halihitaji kizito, wala mtu hawezi kulichakachua kwa sindano. Utafiti uliofanyika San Francisco na kuchapishwa 2007 ulionyesha kwamba kifaa cha namna hiyo kilitoa THC karibu sawa na msokoto huku kaboni monoksaidi ikipungua sana. Nyuzijoto kati ya 180 na 200 za Selsiasi zinatosha. Ni kifaa kikubwa, kina harufu, hakifichiki mfukoni. Kwa maoni yangu kutofichika huko nako kuna faida yake.

Hesabu ya nguvu

Katriji ya gramu moja yenye THC asilimia 85 ina miligramu 850. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, NIDA, ilichagua miligramu 5 mwaka 2021 kuwa kipimo kimoja cha THC kwa ajili ya tafiti. Gawanya: vipimo 170 kwenye kitu chenye ukubwa wa kidole. Mtu aliyezoea msokoto Morogoro miaka 20 iliyopita hajawahi kukutana na nguvu ya namna hii, hata kama anajiita mzoefu.

Vuta mara moja, weka chini, subiri dakika 15 au 20. Athari huanza ndani ya dakika chache lakini kilele chake hakifiki papo hapo. Usichanganye na pombe. Usiendeshe gari siku hiyo. Ukizidiwa, moyo ukienda mbio na hofu ikakushika, kaa mahali tulivu na mtu unayemwamini, kunywa maji. Kwa kawaida hupungua ndani ya saa chache. Maumivu ya kifua, kuzimia au kuona vitu visivyokuwapo ni sababu ya kwenda hospitali.

Anayetumia kila siku kwa muda mrefu, kisha akaanza kutapika kwa vipindi, tumbo likimsokota, na akagundua kwamba kuoga maji ya moto humpa nafuu, huyo huenda ana ugonjwa wa kutapika unaoletwa na bangi yenyewe. Wengi huzunguka hospitali wakipimwa vidonda vya tumbo kwa sababu hawajasema wanachovuta. Dawa yake ya kudumu ni kuacha kabisa.

Na katriji iwekwe juu, ifungiwe. Mtoto mdogo akiilamba au kuinyonya, nchini Marekani piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, bila kungoja dalili.

Karatasi zako

Mhamiaji ana hatari moja ambayo mwenyeji hana. Marekani zaidi ya majimbo 20 yameruhusu bangi ya starehe, lakini sheria ya shirikisho bado inaihesabu kuwa dawa iliyodhibitiwa, na uhamiaji ni mambo ya shirikisho. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo ulio wazi: kutumia au kufanya kazi kwenye biashara ya bangi, hata katika jimbo linaloruhusu, kunaweza kuonyesha kwamba mwombaji wa uraia hana mwenendo mwema. Mwenye kadi ya kijani aliyeibahatisha kwa bahati nasibu ya viza anaweza kujikwaa kwa kununua kitu ambacho jirani yake mzaliwa wa pale ananunua kila Ijumaa. Usiseme uongo kwenye fomu wala kwenye usaili. Tafuta wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza.

Madereva wa malori, nanyi mko wengi, kipimo chenu cha dawa za kulevya kiko chini ya sheria ya shirikisho pia. Cheti cha daktari hakikutoi, wala kusema "ilikuwa CBD tu". THC hukaa kwenye mkojo kwa siku kadhaa, na kwa mtumiaji wa kila siku kwa wiki. Tangu Januari 2020 matokeo ya kufeli huingizwa kwenye daftari la kitaifa ambalo kila mwajiri mpya analazimika kulitazama.

Safarini, usibebe. Si ndani ya Marekani kwa ndege, wala kuvuka mpaka wa Kanada: hata pale ambapo Kanada na jimbo la upande wa pili zote zimeiruhusu, kuivusha bado ni kosa. Kupitia Dubai, Doha au Muscat ukielekea nyumbani ndiko kubaya zaidi. Kagua mifuko ya koti na begi la mkono kabla ya kuondoka; katriji iliyosahaulika inahesabiwa sawa na iliyofichwa.

Kifua kikibana

Wagonjwa wengi wa 2019 hawakuanguka siku waliyovuta. Dalili zilijijenga kwa siku, wengine kwa wiki: kikohozi, pumzi fupi, maumivu ya kifua, homa, uchovu, na kichefuchefu, kutapika au kuharisha, jambo lililowafanya baadhi wadhani ni chakula. Kwa hiyo anayetumia vepu akipata homa na pumzi fupi asijitibu kwa tangawizi na kungoja wikendi ipite. Aache kuvuta siku hiyohiyo na aende.

Akifika, amwambie daktari ukweli wote: mafuta au nikotini, jina la bidhaa, alikoipata, mara ya mwisho lini. Bila maelezo hayo anaweza kupewa dawa za nimonia na kurudishwa nyumbani, kama ilivyowatokea baadhi ya wale wa mwanzo, kabla madaktari hawajajua cha kuuliza. Wengi wa waliotambuliwa mapema walipewa steroidi wakapata nafuu. Marekani, Kanada na Uingereza daktari anabanwa na siri ya mgonjwa. Kazi yake si kukupeleka polisi. Na katriji uliyokuwa ukiitumia usiitupe kwa aibu njiani. Itie kwenye kifuko cha plastiki pamoja na boksi lake, mpe ndugu aliyekusindikiza aje nayo, maabara ikiihitaji.